Magurudumu ya Saizi ya Mama

Voi: mwanzi na maonyo ya fundi

Wenzangu wa chama, kila mmoja wenu amenipigia simu kuuliza jambo lilelile. Ilikuwaje niliondoka Voi nikiapa kurudi na matairi ya inchi thelathini na tatu, na sasa pikapu imesimama nje ya duka langu na matairi ya thelathini na moja, na bado natembea nikicheka peke yangu? Nimemweleza huyu nusu na yule robo, na nasikia hadithi imeshaanza kuota mkia. Basi haya hapa yote kwa mara moja.

Mnaijua pikapu yangu ya kubebea chakula cha mifugo. Mnajua pia kwamba niliiinua inchi mbili, na wengi wenu mkasema Wakesho ameanza maringo. Maringo yamo, sikatai. Gari likisimama juu namna ile, nami nikiwa nyuma ya usukani, husikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Lakini sababu hasa ilikuwa Mama.

Mama aliondoka kwake Chawia misimu miwili ya mvua iliyopita, nyonga ilipomharibikia. Njia ya kwenda nyumbani kwake inaiacha barabara ya kijiji na kupanda kati ya kingo mbili za udongo, na katikati ya njia hiyo limechomoza jiwe ambalo gari halilivuki. Siku ile wanaume wanne walimbeba juu ya kiti cha jikoni hadi barabarani, watu wakitazama. Mwanamke aliyepanda kilima kile na mzigo wa kuni kichwani maisha yake yote alifumba macho njia nzima asiwaone waliokuwa wakimwona. Tangu hapo amekaa kwangu, akililaumu joto la Voi na kuniuliza kila Jumapili, "Nitarudi lini kwangu?"

Mwezi uliopita aliuliza kwa namna nyingine. "Wakesho, jaribu mara moja kabla ya mvua. Ikishindikana, sitauliza tena." Mimi namjua mama yangu. Kweli asingeuliza tena. Angekaa katika chumba changu cha nyuma, akimshukuru Mungu kwa kila sahani ya chakula, na moyo wake ungekuwa umeshazima.

Mimi nilikuwa nimeijaribu njia ile kiangazi kilichopita, peke yangu, majirani wakiwa mashambani. Jiwe liligonga difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, nikarudi nyuma kwa aibu. Lakini sikuondoka hivi hivi. Nilikata mwanzi ukawa sawa kabisa na urefu wa jiwe, na mwanzi huo ndio niliompelekea Fundi Mutua hapa Voi. Alilala chini ya gari, akausimamisha karibu na difu. Mwanzi uliizidi difu kwa vidole viwili.

"Thelathini na tatu," nikasema papo hapo. Nilikuwa na picha yake kwenye simu. Bwana mmoja wa Mboghoni, kule Taveta, alikuwa akiuza seti nzima pamoja na rimu zake nyeusi, na picha ile nilikuwa nimewaonyesha nyinyi, kwaya nzima ya kanisa, na mteja mmoja aliyekuja kununua pumba tu.

"Madam, sikiza," Fundi Mutua akasema, bado yuko chini ya gari. "Hizi zako ni ishirini na tisa. Ukiongeza tairi inchi nne, difu inapanda mbili peke yake. Hizo zingine mbili zinaenda juu, kwa madigadi, hizi bati za juu ya magurudumu. Na hii gari umeinua kidogo tu. Ukikata kona za Chawia na mzigo nyuma, itasugua."

"Si tutakata madigadi kidogo?"

"Tutakata. Lakini gia itakuwa nzito kwa mlima, breki pia. Na spea haitaingia pahali pake."

"Nimesikia, fundi."

"Hujasikia. Umeona picha." Akatoka chini, akajifuta mikono. "Basi shika hii moja tu. Usichukue tairi kabla hujapakia kila kitu na kila mtu. Gari tupu ni muongo."

Nilimwitikia kama mtu anavyomwitikia padri huku akifikiria chakula cha mchana.

Voi hadi Maktau: ndovu na dereva wa vitunguu

Tuliondoka asubuhi, jua likiwa limeanza kupaka milima ya Mbololo. Mama alikataa kata kata kubaki. "Kutoka Taveta tunapanda moja kwa moja Chawia," alisema. "Na Mboghoni nitanunua ndizi. Nimekaa ugenini misimu miwili, nitarudije kwa majirani mikono mitupu?" Alivaa gauni lake la Jumapili, akachukua fimbo, sanduku na blanketi.

Kuingia kwake garini kulikuwa na utaratibu, na naomba muushike maana utarudi. Alikishika kile kishikio cha ndani juu ya mlango, akatanguliza mguu mzima, akajivuta na kusema, "Asante Yesu." Sikuruhusiwa kumgusa. Mkono wangu ukikaribia tu, fimbo ilinyanyuka.

Mwatate tulipita, Bura tukapita, barabara ni lami safi na mimi naimba. Karibu na Maktau tukasimama. Ndovu walikuwa wamesimama barabarani, familia nzima, wekundu kwa vumbi la udongo wa kwetu, na hawakuwa na haraka ya mtu yeyote. Mbele yetu kulikuwa na lori la vitunguu, na dereva wake, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu katika joto lile, akarudi nyuma kutusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawa wataondoka lini?"

"Wakimaliza mkutano," akasema. Akatugawia mahindi ya kuchemsha kutoka mfuko wake, Mama akampa viazi vitamu vyetu, na tukala tumeegemea pikapu kama watu waliopanga kukutana. Nikamwonyesha picha. Haki ya Mungu sikuweza kujizuia.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Ni smart sana," akasema. "Lakini jua kipima mwendo kitakudanganya. Tairi kubwa inaenda mbali kwa mzunguko mmoja. Utaona themanini kumbe uko karibu tisini." Kisha akainama akaangalia rimu kwenye picha. "Na hizi rimu zimetoka nje sana. Unapita njia pana ama nyembamba?"

"Nyembamba," Mama akajibu kabla yangu.

"Basi mtagusa ukingo, mama."

Nilimchukia kidogo, japo mahindi yake yalikuwa matamu. Ndovu walitukalisha pale zaidi ya saa moja. Walipoondoka, yule mkubwa wa mwisho aligeuka akatutazama, na Mama akampungia mkono kama jirani. Sikuwa nimemwona akiwa na furaha vile tangu aje Voi.

Mboghoni: samaki, ndizi na goti

Muuzaji, Bwana Shabani, ni mtu wa pwani aliyehamia Mboghoni kulima ndizi, na banda lake la matairi liko kando ya mfereji wa maji ya kumwagilia. Anaongea pole pole, kila neno limekaa mahali pake.

"Karibuni, karibuni sana. Mwenye gari ni nani?"

"Ni mimi," Mama akasema.

Nilidhani anatania tu. Bwana Shabani aliamini. Kuanzia hapo alimhudumia Mama na kunichukulia mimi kama dereva. Alimletea kiti kivulini, akamletea maji, akamuuliza safari zake ni za wapi, mzigo wake ni wa namna gani, njia yake ni ya mawe au ya matope. Mama akamjibu yote, hadi habari za jiwe na za kiti cha jikoni. Kumbe maswali yote ambayo muuzaji mzuri humuuliza mnunuzi yalikuwa yakijibiwa kwa usahihi kuliko ambavyo ningejibu mimi, maana mimi jibu langu lilikuwa moja tu: zile nyeusi.

Basi zilifungwa zile nyeusi. Wenzangu, nisiwadanganye. Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, nilipiga kelele. Lilisimama pale kama fahali aliyetoka kuoshwa. Nililizunguka mara tatu. Nikachukua mwanzi wangu, nikausimamisha karibu na difu, ukapita chini bila kugusa! Nikacheza ngoma peke yangu mbele ya banda la mtu.

Nikalipeleka gari kidogo barabarani, nikakata kona zote, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Kimya. Hakuna kilichosugua. Nikajisemea kwamba Fundi Mutua ni mwoga. Kisha tukapakia ndizi, mikungu ya kutosha kuzawadia kijiji, nikakata kona tena, na madigadi yakalia kwa sauti iliyonitia ganzi menoni. Gari tupu lilikuwa limenidanganya.

"Tutakata kidogo," nikasema.

"Hilo lawezekana," akasema Bwana Shabani kwa upole. "Lakini na mwenye gari apande kwanza, tumwone."

Mama akaja na fimbo yake. Akakishika kishikio. Akanyanyua mguu mzima, ukafika karibu na ukingo wa mlango, ukasimama. Akashusha. Akajaribu tena, nikaona shingo yake ikitoa mishipa. Inchi mbili tu zilikuwa zimeongezeka, wenzangu. Mbili. Goti la Mama lilikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa chini ya sakafu ya gari langu jipya. Nilikuwa nimelipima jiwe hadi unywele wa mwisho, na mama yangu sikuwa nimempima.

"Mama, nitakuwekea kigoda ukanyage."

"Sitaki kuwekewa kitu."

"Basi tutafunga kipandio pembeni."

Bwana Shabani akatikisa kichwa. "Kitaning'inia chini, binti yangu. Kwa njia ile mliyonieleza, kitang'oka kabla hujafika."

"Kigoda basi, Mama, ni hatua moja tu, na mimi nitakushika."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilitolewa kwangu juu ya kiti, Wakesho, na mikono ya watu. Ukinishusha kwangu kwa kiti na mikono ya watu, nitakuwa nimerudi au nimerudishwa?"

Nikaenda kusimama kando ya mfereji. Nililia, ndiyo, na machozi mengine yalikuwa ya rimu, Mungu anisamehe. Upande mmoja kulikuwa na jiwe lililotaka thelathini na tatu, upande mwingine goti lililozikataa.

Jioni ile mke wa Bwana Shabani alitupikia ndizi mbichi kwa nazi na samaki wa Ziwa Jipe, tukalala kwao. Na wakati wa kula Bwana Shabani akasema, bila kumlenga mtu, kwamba ana pia seti ya thelathini na moja, nyembamba, rimu za chuma za kawaida, si nzuri kwa picha. Zingeongeza inchi moja tu. "Jiwe ni jiwe, halina wa kulionea huruma," akasema. "Watu huweza kulifanyia jambo. Goti la mama hakuna wa kulifanyia jambo."

Asubuhi nikazifungisha. Tukapakia ndizi zote. Nikakata kona hadi mwisho, kimya. Spea ikaingia mahali pake. Mama akakishika kishikio, akanyanyua mguu, akauma mdomo, akajivuta. "Asante Yesu." Nikapima mwanzi: uliizidi difu kwa upana wa kidole kimoja. Nikautupa nyuma juu ya ndizi, nisiuone.

Mwatate hadi Chawia: mheshimiwa ndani ya gari

Hata hivyo sikuweza kununa muda mrefu. Matairi yalikuwa mapya, meusi, yenye meno, na pikapu ilitembea kwa kiburi zaidi kidogo kuliko jana. Kwenye kituo cha mafuta Mwatate, mhudumu alikimbia akasimama wima upande wa Mama.

"Karibu, mheshimiwa. Pole na safari."

"Asante. Tunapanda Chawia," Mama akasema, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Wakati huo tulicheka. Gari lililoinuka, matairi mapya, mtu mzima amevaa vizuri mbele: kwetu hilo lina maana moja tu. Nilipaswa kukumbuka kwamba simu za Mwatate hufika milimani kabla ya gari.

Tulianza kupanda. Kona za Chawia mnazijua, unageuza usukani hadi mikono ifanye msalaba. Kila kona nilitega sikio nikisubiri kusikia mpira ukisugua bati, na kila kona ilikuwa kimya. Gia ya pili ilivuta bila kulalamika. Hewa ikapoa, ukungu ukashika miti, Mama akafungua dirisha akatoa uso nje. "Sikia hiyo," akasema. Sikusikia kitu. Alikuwa anasikia kwao. Kisha baridi ikamfanya apandishe kioo.

Tulipofika mwanzo wa njia yake, nilikuta watu. Si wawili watatu. Kina mama wamevaa leso mpya, wazee wamevaa koti, watoto wamekaa juu ya ukingo. Na mbele ya lile jiwe, amesimama kama mlinzi wake, Mwadime, jirani wa Mama na mwenyekiti wa kamati ya barabara. Alikuwa ameshika karatasi.

Nikasimamisha gari. Makofi yakapigwa. Mwadime akakohoa, akaanza kukisomea kioo cha mbele.

"Mheshimiwa, sisi wananchi wa hapa tunashukuru kwa kuja kujionea mwenyewe. Hili ndilo jiwe. Limetusumbua miaka mingi. Tulikubaliana kama kamati mtu yeyote asiliguse, wala asijaze hizi mitaro, mpaka mkubwa afike alione vile liko..."

Mama akateremsha kioo pole pole hadi mwisho.

"Mwadime."

Karatasi ikashuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu, si ni Mama Wakesho!"

"Jiwe lililonizuia kurudi kwangu," Mama akasema, "mmekuwa mkilitunza?"

Mwadime aliitazama karatasi yake kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa upande wa pili.

"Mama, sisi hatukujua," akasema mwishowe. "Tulidhani umezoea Voi. Tulisema tukilitoa, akija ataona nini? Ataandika barabara iko sawa."

"Akija, mwonyeshe mimi. Mwambie, huyu alikaa ugenini misimu miwili kwa sababu ya maonyesho."

Mwanamke mmoja, Mghoi, rafiki yake wa zamani wa kwaya, ndiye aliyeanza. Alivua leso yake mpya, akaifunga kiunoni, akaokota jiwe la ukubwa wa kichwa na kulitupa kwenye mtaro wa gurudumu. Kishindo chake kilimaliza mkutano. Watu wakatawanyika wakarudi na majembe, karai na mtaimbo. Kuling'oa lile jiwe hakukuwezekana, mizizi yake ilishuka kusikojulikana. Basi walijaza mawe katika njia mbili za magurudumu, kushoto na kulia kwake, na kuyashindilia kwa udongo, ili gari lipande na jiwe libaki lilipo. Nikachukua mwanzi wangu kutoka kwenye ndizi, sasa una kazi tena, tukapima, tukaongeza mawe, tukapima. Mwadime alibeba mawe mengi kuliko wote. Mkono wa koti lake ukachanika na hakuutazama.

"Na jiwe bado litaonekana vizuri," alininong'oneza. "Mheshimiwa wa kweli akija."

Jiwe hadi mlangoni

Niliingia garini, nikawasha injini. Mama alikuwa hajashuka muda wote huo, amekaa wima, fimbo kati ya magoti.

Gia ya kwanza, ile ya chini kabisa. Magurudumu ya mbele yakapanda mawe, mawe yakalia, yakashika. Kingo za udongo zilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuchuma nyasi dirishani, na nikamkumbuka dereva wa vitunguu na kofia yake. Zile rimu nyeusi zingekwama hapa hapa. Nyuma ikapanda. Mwadime alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo akichungulia chini ya gari, akipiga kelele, "Kuja! Kuja! Kuja pole! Difu iko juu! Kuja!" Ukasikika mkwaruzo mmoja, mfupi, kama ukucha juu ya sufuria. Kisha tukashuka upande wa pili, na kilima kizima kikapiga vigelegele.

Sikumbuki nilivyofika uani. Nakumbuka nyasi zimeota hadi dirishani, na Mghoi akikimbia kando ya gari akipiga mlango kwa kiganja.

Nilizima injini. Na hapo, kwa nia njema kabisa, Mwadime akatoka jikoni kwa Mama mbio mbio amebeba kiti. Kilikuwa ni kiti kilekile. Wanaume watatu walikuwa tayari nyuma yake wamenyoosha mikono.

"Kiweke chini huko," Mama akasema. "Rudini nyuma."

Wakarudi nyuma. Mimi pia nikarudi. Alifungua mlango mwenyewe, akakishika kishikio kwa mikono miwili, akageuka taratibu, akashusha mguu ule mbovu. Ukaning'inia. Ulipapasa hewani. Ukashuka tena kidogo, kiatu cha Jumapili kikagusa nyasi, kikazilaza, kikafika udongoni.

Akashusha wa pili. Akasimama. Akatazama mlango wake, paa lake, milima, sisi sote mmoja mmoja, macho wazi.

"Haya, Mwadime," akasema. "Sasa leta hicho kiti, nikae kwangu."